Fazi ya jemaniamu inayokatika joto likipanda: tatizo ni transista ya kwanza au ni thamani za rezista?

Mwuliza swali

Ndugu mafundi na wapenzi wa gitaa, salaam.

Nimeunda pedali ya fazi (fuzz, kifaa cha mguuni kinachokwaruza sauti ya gitaa kwa makusudi) ya transista mbili kwa kufuata saketi ya Fuzz Face iliyotoka mwaka 1966, yaani ile ya awali yenye transista za jemaniamu za aina ya PNP, ambamo upande chanya wa betri ndio ardhi. Transista zangu zote mbili ni AC128 za zamani, na thamani nyingine nimeziacha kama zilivyokuwa: rezista ya kiloomu 33 kwenye kolekta ya kwanza (kolekta, beisi na emita ni miguu mitatu ya kila transista, na ya kwanza au ya pili ni transista yenyewe), kiloomu 8.2 na omu 470 zikifuatana kwenye kolekta ya pili. Rezista ya marejesho ya kiloomu 100 kutoka emita ya pili hadi beisi ya kwanza. Nobu ya fazi ya kiloomu 1 kwenye emita ya pili pamoja na kapasita yake ya mikrofaradi 20. Kapasita ya mikrofaradi 2.2 mahali gitaa linapoingilia na ya mikrofaradi 0.01 mahali sauti inapotokea.

Chumba kikiwa na ubaridi pedali inatoa sauti ninayoitafuta, nene na yenye kufifia taratibu. Joto likipanda, noti inakatika ghafla kabla haijafifia, na noti ya kugusa nyuzi kwa upole karibu haisikiki. Nimepima volti kutoka ardhini nikiwa sijapiga gitaa, na hapa naziandika bila alama ya hasi ili tusichanganyikiwe. Kwenye ubaridi beisi ya kwanza ina volti 0.13, kolekta ya kwanza 0.44, emita ya pili 0.30 na kolekta ya pili 6.4. Kwenye joto beisi ya kwanza inashuka hadi 0.10, kolekta ya kwanza 0.26, emita ya pili 0.14, na kolekta ya pili inapanda hadi 7.8. Mita yangu, katika sehemu ya kupimia transista, inaipa ya kwanza ukuzaji wa 100 na ya pili 130.

Ninasoma kila mahali kwamba kolekta ya pili inapaswa kukaa karibu na volti 4.5, nusu ya betri. Je, nibadilishe kiloomu 8.2 mpaka nifike hapo, au nitafute transista nyingine? Na kama ni transista, nichague kwa kigezo gani, kwa kuwa hata namba moja ya AC128 hailingani na nyenzake? Mwisho, kuna anayenishauri nihamie kwenye silikoni na kumaliza shida yote. Ningependa kuelewa ninapoteza nini nikifanya hivyo, kwa sababu kinachonivuta kwenye saketi hii ni jinsi sauti inavyosafika nikipunguza nobu ya sauti ya gitaa lenyewe.

Jibu la kwanza

Ndugu, umefanya jambo la maana kuleta vipimo pamoja na swali, kwa sababu jibu limo ndani ya vipimo hivyo. Tuvisome hatua kwa hatua.

Tuanze na transista ya kwanza. Kolekta yake iko chini ya nusu volti kutoka ardhini, kwa hiyo karibu volti zote za betri zimeangukia kwenye ile rezista ya kiloomu 33. Mkondo unaopita humo ni takriban mikroampea 260, na utakuwa karibu na hapo hata ukichomeka transista nyingine, kwa kuwa unaamuliwa na betri na rezista. Kazi ya marejesho ni kuilazimisha transista ya kwanza ipitishe kiasi hicho hicho. Ikipitisha pungufu, volti za kolekta yake hupanda, emita ya pili hupanda nayo, mkondo zaidi hurudi kupitia kiloomu 100 hadi beisi ya kwanza, na mizani inarudi. Ikipitisha zaidi, mambo hayo yote yanatokea kinyume.

Sasa transista ya jemaniamu hupitisha mkondo kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Kuna mkondo unaotokana na beisi, ambao ni mkondo wa beisi ukizidishwa kwa ukuzaji, na kuna mkondo unaovuja kutoka kolekta hadi emita hata beisi ikiachwa bila kuunganishwa na chochote. Saketi haijui tofauti yake. Inachotaka ni jumla ya mikroampea 260. Kwa hiyo kila mikroampea inayovuja inapunguza kiasi ambacho beisi inatakiwa kuleta, na mkondo wa beisi ukipungua, volti kwenye kiloomu 100 zinapungua, na emita ya pili inashuka. Emita ya pili ikishuka, mkondo wa transista ya pili nao unashuka, kwa sababu unaamuliwa na volti za emita hiyo juu ya kiloomu 1. Hapo ndipo kolekta ya pili inapoachwa ielee kuelekea volti 9.

Weka tarakimu zako katika maelezo hayo. Kwenye ubaridi, tofauti kati ya emita ya pili na beisi ya kwanza ni volti 0.17, na juu ya kiloomu 100 hiyo ni mikroampea 1.7. Nauchukua ukuzaji halisi kuwa 90, si 100, na sababu nitaieleza hapa chini. Beisi basi inaleta mikroampea 153, na zinazobaki, kama 107, zinavuja. Kwenye joto tofauti hiyo imebaki volti 0.04 tu, sawa na mikroampea 0.4, na beisi inaleta mikroampea 36. Zilizobaki, karibu 230, ni uvujaji mtupu. Katika jemaniamu uvujaji huongezeka takriban mara mbili kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi, kwa hiyo chumba chako hakikuhitaji kuwa tanuri. Nyuzi 10 au 11 zinatosha kabisa kuleta hali uliyoielezea.

Angalia pia hatari iliyo mbele yako. Uvujaji ukifika mikroampea 260, transista ya kwanza itakuwa inapitisha mkondo wote bila kuhitaji beisi hata kidogo, na juu ya hapo rezista ya marejesho haina tena la kufanya. Transista ya pili itabaki karibu kuzima. Uko mikroampea 30 hivi kutoka kwenye ukingo huo, na sauti inayokatika ndiyo dalili yake: mkondo wa transista ya pili umebaki mikroampea 140, upande mmoja wa wimbi una nafasi ya volti 1.2 tu, na ukuzaji wa hatua hiyo umeshuka kiasi kwamba noti ndogo haiwezi kuisukuma.

Kwa hiyo usianze na kiloomu 8.2. Anza kwa kupima transista zako ipasavyo. Chukua betri ya volti 9, unganisha emita ya transista ya PNP upande chanya, na kolekta kwenye upande hasi kupitia rezista ya omu 2,472, ambayo unaweza kuipata kwa kufuatanisha kiloomu 2.2 na omu 270, kisha uikamilishe kwa mita. Beisi iache hewani. Volti utakazosoma juu ya rezista hiyo ndizo uvujaji: volti 0.25 ni mikroampea 100 hivi. Kisha unganisha beisi kwenye upande hasi kupitia megaomu 2.2, ambayo hupeleka takriban mikroampea 4. Toa usomaji wa kwanza kwenye wa pili, zidisha kwa 100, na huo ndio ukuzaji wa kweli. Mita nyingi hazitoi uvujaji katika hesabu yao. Nyingi hupeleka kwenye beisi mikroampea 10 hivi, kwa hiyo transista inayovuja mikroampea 107 inaongezewa karibu 11 ambazo haikuzistahili, na ndiyo maana 100 yako niliisoma kuwa kama 90. Usiishike transista kwa vidole unapopima, na ukiwa umetoka kuilehemu, isubiri ipoe kabisa, la sivyo utakuwa unapima joto la mkono wako.

Ukuzaji nao una nafasi yake, na hapa wengi hushangaa. Chukua uvujaji wa mikroampea 50 katika transista tatu tofauti. Yenye ukuzaji wa 60 itaweka kolekta ya pili karibu na volti 4.8, yenye 80 karibu na 5.6, yenye 120 karibu na 6.4. Transista kali zaidi mahali pa kwanza inaiweka ya pili na njaa, kwa sababu inahitaji mkondo mdogo wa beisi. Ule ushauri wa zamani kwamba ya kwanza iwe na ukuzaji wa 70 hivi na ya pili iwe juu ya 100 haukutokana na ladha ya sikio peke yake. Umo ndani ya hesabu hii.

Jibu la pili

Nakubaliana na hesabu ya mwenzangu aliyetangulia, na nitajikita kwenye swali lako la tatu, kwa kuwa ndilo linaloonyesha unachokipenda.

Saketi hii haikuzuka peke yake. Maestro FZ-1 iliyouzwa na Gibson kuanzia mwaka 1962 ilitumia transista tatu za jemaniamu na betri mbili za volti 1.5, na wazo lake lilitokana na hitilafu ya studio huko Nashville, ambako chaneli moja ya meza ya kurekodia iliharibu sauti ya gitaa la besi kwa namna iliyowapendeza watu. Mwaka 1965 Gary Hurst akaunda Tone Bender ya kwanza mjini London, akaendesha transista tatu kwa volti 9, na noti ikapata kudumu kuliko katika Maestro. Baadaye ikaja Tone Bender ya transista mbili, ambayo kimsingi ni saketi ile ile unayoijua wewe kwa jina la Fuzz Face. Ninataja nasaba hii kwa sababu moja mahususi: katika Tone Bender Mk II, yenye transista tatu, hatua ya kwanza haina rezista yoyote inayoipa beisi mkondo kutoka kwenye betri. Uvujaji wenyewe ndio unaoiamsha transista. Ukiweka pale transista bora isiyovuja, hatua hiyo hulala na sauti hutoka hafifu na yenye kukatika. Kwa hiyo hiyo AC128 yako ya kwanza usiitupe. Katika saketi yako ni mzigo, ila kule ingekuwa hazina.

Sasa kuhusu kusafika kwa sauti unapopunguza nobu ya gitaa. Mlango wa saketi hii una ukinzani mdogo mno ukilinganisha na pedali nyingine. Transista ya kwanza inaendeshwa kwa mikroampea 260, na kwa mkondo huo ukinzani wa ndani wa emita yake ni kama omu 100. Uzidishe kwa ukuzaji wa 80, unapata kiloomu 8 hivi, na marejesho huushusha zaidi nobu ya fazi isipokuwa mwisho kabisa. Pikapu (kinasa mtikisiko wa nyuzi) ya koili moja huwa na ukinzani wa waya wa kiloomu 6 hadi 8 na zaidi ya hapo indaktansi ya henri kadhaa, kwa hiyo pikapu na transista zinakuwa kitu kimoja kinachofanya kazi pamoja. Ndiyo maana noti za juu zinalainika nobu ya gitaa ikiwa wazi. Ukiigeuza kidogo tu, sehemu ya juu ya potenshiometa ya kiloomu 250 (rezista inayogeuzwa na nobu hiyo) inaongeza kiloomu 20 au 30 kati ya pikapu na beisi. Mkondo unaofika kwenye beisi unashuka zaidi ya nusu, transista ya pili inaacha kukata vilele vya mawimbi, na pikapu, iliyokuwa imeelemewa, inapumua na kurudisha noti zake za juu. Unapata sauti safi yenye mng'ao badala ya sauti ile ile iliyofifishwa.

Silikoni huibadilisha hali hii. Fuzz Face zenyewe zilihamia silikoni mwishoni mwa miaka ya 1960, zikitumia BC183, BC108 na nyinginezo, na kuna wapigaji wakubwa walioipenda sauti hiyo kwa dhati. Uvujaji wake ni mdogo kiasi kwamba unaweza kuusahau, na joto la chumba halikusumbui tena. Hata hivyo ukuzaji wa 300 au zaidi unapandisha ukinzani wa mlango hadi kiloomu 30 hivi, kwa hiyo ile kiloomu 20 ya nobu haina uzito ule ule, na sauti inahitaji kupunguzwa zaidi kabla haijasafika. Aidha jemaniamu inaanza kubana wimbi mapema na polepole, ilhali silikoni inalikata kwa ukali zaidi, na ukali huo unasikika kama mng'aro mkali kwenye noti za juu. Ukuzaji ukiwa mkubwa sana, pedali inaweza hata kudaka matangazo ya redio. Dawa yake ni kapasita ndogo ya pikofaradi 47 hadi 100 kati ya kolekta na beisi, ambayo hupunguza ukuzaji wa masafa ya juu.

Thamani za rezista nazo hazihami vile vile. Katika silikoni beisi ya kwanza hukaa karibu na volti 0.6, emita ya pili hufika 0.68 hivi, na kwa rezista za asili kolekta ya pili huanguka hadi volti 3.1. Ukitaka 4.5 unahitaji jumla ya kiloomu 6.6 mahali pa 8.7. Katika jemaniamu mara nyingi unahitaji kwenda upande wa pili, juu ya 8.7. Anayekuambia ung'oe tu transista na kuchomeka silikoni hajakupa ushauri kamili.

Jambo la mwisho kwangu ni kwamba pedali yoyote inayokinga mlango wa fazi, yaani yenye tokeo la ukinzani mdogo, ikiwekwa kabla yake inavunja uhusiano huo wa pikapu na transista. Fazi ya namna hii ipate gitaa kwanza.

Mwuliza swali

Nawashukuru nyote wawili kwa maelezo haya. Nimefuata kipimo cha megaomu 2.2 kwa transista zote nilizonazo. Ile ya kwanza, chumba kikiwa na ubaridi, inavuja mikroampea 110 na ukuzaji wake ni 88, karibu sana na hesabu mliyoifanya bila hata kuiona. Ya pili inavuja 90 na ukuzaji wake ni 121. Nimepata moja nyingine inayovuja 45 tu, lakini ukuzaji wake ni 65, na nilikuwa nimeiweka kando kwa kuidhania dhaifu.

Je, niiweke hiyo mahali pa kwanza na kuiacha ya pili pale pale? Nauliza pia kama uvujaji wa 90 katika ya pili hautaniletea shida ile ile.

Jibu la tatu

Iweke bila kusita. Kwa tarakimu ulizotoa beisi italazimika kuleta mikroampea 215, kwa ukuzaji wa 65 ni mkondo wa beisi wa mikroampea 3.3, emita ya pili itakaa karibu na volti 0.46, na kolekta ya pili karibu na 5.0 bila kugusa rezista hata moja. Joto likipanda nyuzi 10, uvujaji utakuwa 90, na kolekta itasogea hadi 5.8 hivi. Sauti itabadilika kidogo lakini haitakatika.

Kuhusu ya pili, tulia. Uvujaji wake umo ndani ya kitanzi cha marejesho. Mkondo wote unaotoka kwenye emita yake, uwe wa beisi au wa kuvuja, unapita kwenye kiloomu 1 na unahesabiwa hapo, na transista ya kwanza inausahihisha. Sharti lake ni moja tu: uvujaji wa ya pili usizidi mkondo ambao emita yake imepangiwa, ambao kwako utakuwa kati ya mikroampea 370 na 460. Uvujaji wa 90, hata ukiongezeka mara mbili, uko mbali na hapo. Kuna tabia ya kutafuta jozi za transista zinazofanana kwa kila kitu na kuzinunua kwa bei ya juu, na sioni sababu yake katika saketi hii, kwa kuwa nafasi hizo mbili zinadai sifa tofauti.

Ningependa kuongeza kidogo juu ya kile kiloomu 8.2. Wapo wanaoweka hapo trima (rezista ndogo inayorekebishwa) ya kiloomu 20 na kuizungusha mpaka mita isome 4.5, na mimi mwenyewe huiweka, lakini baada ya kuhakikisha uvujaji. Trima hubadilisha volti za kolekta. Haibadilishi mkondo wa transista ya pili, ambao umeshaamuliwa na emita. Mtu mwenye uvujaji wa 230 akiifungua trima yote atasogeza kolekta hadi volti 6.1 hivi kwenye mita, na bado atakuwa na transista yenye mikroampea 140 iliyo kwenye ukingo ule ule. Kipimo kitaonekana kizuri zaidi na ugonjwa utakuwepo. Kwa sababu hiyo mimi hupima emita ya pili kwanza. Katika jemaniamu nikiona kati ya volti 0.35 na 0.5 huridhika, kisha ndipo nashughulikia kolekta kwa trima, tena kwa kusikiliza, maana 4.5 ni mahali pa kuanzia na si sheria. Wapo wanaopenda 5.0, ambako upande mmoja wa wimbi hukatwa mapema na noti hupata umbo lisilo na ulinganifu, na sikio linalipenda.

Iwapo huna transista nyingine isipokuwa ile inayovuja, ipo njia ya kuitumia: weka rezista ya kiloomu 47 kutoka beisi ya kwanza hadi ardhini. Kwa beisi yenye volti 0.10 itachota mikroampea 2.1, na mkondo huo lazima upite kwanza kwenye kiloomu 100 ya marejesho, kwa hiyo emita ya pili inainuliwa kwa volti 0.21. Katika hali yako ya joto ingetoka 0.14 hadi 0.35, na kolekta ya pili ingeshuka kutoka 7.8 hadi takriban 6. Mlango wa saketi hautaathirika kwa kiasi cha kusikika kwa kuwa ukinzani wake tayari ni mdogo sana kuliko 47. Rezista hii haizuii uvujaji kukua pamoja na joto. Inachofanya ni kukusogeza mbali na ukingo.

Omu 470 nayo usiipuuze. Sauti hutolewa kwenye makutano yake na kiloomu 8.2, si kwenye kolekta, kwa hiyo kinachotoka ni kama asilimia 5 tu ya mtikisiko wa kolekta. Volti 8 za kolekta zinakuwa chini ya nusu volti kabla hata hazijafika kwenye nobu ya sauti. Ukiona pedali inakuwa kimya kuliko gitaa lenyewe ukiwa umepunguza nobu ya gitaa, panda hadi kiloomu 1 hapo, na utapata karibu mara mbili ya sauti bila kubadilisha tabia ya fazi.

Kuhusu betri, mengi husemwa juu ya betri za kaboni na ukinzani wao wa ndani. Saketi hii yote inakula chini ya miliampea 1, kwa hiyo ukinzani huo hauna volti za maana za kuangusha. Tofauti wanayoisikia watu hutokana zaidi na volti zenyewe: betri ya kaboni iliyotumika hukaa karibu na volti 8, mkondo wa kiloomu 33 unashuka hadi mikroampea 230, na uvujaji ule ule unakuwa na uzito zaidi kuliko mwanzo. Kwa transista yako mpya unaweza kujaribu volti 8 kwa usalama. Kwa ile ya zamani ungefika ukingoni katika joto lile lile ulilolipima.

Jibu la kwanza

Nyongeza moja kabla hujafunga kasha. Kwa kuwa ardhi yako ni upande chanya, usiiunganishe pedali hii kwenye waya mmoja wa umeme na pedali nyingine ambazo ardhi yake ni hasi. Ngao ya nyaya za gitaa itaunganisha ardhi hizo mbili, na chombo cha umeme kitapigwa shoti. Itumie kwa betri yake yenyewe au kwa tokeo lililotengwa kabisa na mengine.

Mwuliza swali

Nimeiweka ile yenye ukuzaji wa 65 mahali pa kwanza. Kwenye ubaridi emita ya pili inasoma 0.45 na kolekta ya pili 5.1. Kwenye joto emita inasoma 0.37 na kolekta 5.8. Noti inafifia hadi mwisho wake katika hali zote mbili, na nikigeuza nobu ya gitaa kidogo sauti inasafika kama zamani. Omu 470 nimeibadilisha kuwa kiloomu 1, na trima nimeiacha kwa sasa, kwa kuwa sauti ya 5.1 imenipendeza kama ilivyo. Ile AC128 inayovuja nimeiandikia thamani zake na kuihifadhi kwa ajili ya Mk II.